Benki Ilipokosa Kahawa

Mtaa wa Misheni,
Wilgerspoort, Karoo,
Koloni ya Rasi.
Jumamosi, 16 Oktoba 1886

Mpendwa kaka yangu Abel,

Ee Miguu ya Mbuni, hujambo huko kwenye almasi? Kifua kimepona? Bado unakohoa vumbi la machimbo, au umeshalizoea kama wanavyolizoea wengine? Barua yako ya Agosti ilifika. Soksi nimezianza, usinikumbushe tena. Sisi hapa wazima. Mama mzima, mguu tu unamsumbua akiamka. Baba mzima wa mwili. Mimi mzima ila kukaa chini siwezi, hii barua nimeiandika nusu nikiwa nimesimama, ndiyo maana mistari imepinda. Mama alinikataza nisianze na habari kabla ya kuuliza afya, anasema utadhani kuna mtu amekufa. Hajafa mtu. Haya, afya nimemaliza.

Abel, benki imeanguka.

Benki yetu hii hii ya Wilgerspoort, yenye nguzo mbili nyeupe mlangoni ulizokuwa unaziegemea mpaka unafukuzwa. Imefungwa wiki mbili leo. Mlangoni kuna kipande cha ubao na polisi mmoja anayesinzia.

Ulipoondoka manyoya ya mbuni yalikuwa bado yanauzwa kama dhahabu. Sasa kule ghalani kwa Bwana Gershon tunachambua mpaka saa nne asubuhi halafu tunaambiwa nendeni nyumbani. Eti mabibi wa London wamechoka kuvaa mbuni kichwani, wanataka maua. Maua, Abel! Mji mzima ulikuwa umesimama juu ya kofia na sisi hatukujua. Benki nayo ilikuwa imemkopesha kila mkulima kwa dhamana ya ndege zake, na ndege hao sasa mtu anawachinja akaushe nyama. Kwa hiyo ilikuwa imeoza ndani kitambo. Lakini siku yenyewe haikuangushwa na kofia. Iliangushwa na jino la Mama Mdogo Griet.

Usicheke. Au cheka, mimi nilicheka kwanza.

Unajua Mama Mdogo ndiye mpishi kwa Bwana Truter, meneja. Na unajua Jumamosi ya Meza ya Bwana ilivyo: wakulima wanashuka na magari yao ya ng'ombe, uwanja wa kanisa lao kubwa unajaa mahema, na benki inatoa meza nje, kahawa moto na biskuti ngumu, mtu anakunywa, anaingia kuweka pesa zake, anaenda kuungama. Miaka yote hivyo. Sasa Ijumaa ile jino lilimvimbia Mama Mdogo mpaka jicho likafunga. Hakwenda kazini. Jumamosi asubuhi meza haikutoka.

Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, mlangoni pa ghala, manyoya mpaka puani, nikaona yote. Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Gert Cilliers, yule wa milimani mwenye sauti ya ng'ombe dume.

“Kahawa iko wapi?”

Karani, kijana wa watu, akaona aibu kusema habari ya jino la mpishi mbele ya wazee wa kanisa. Akasema, “Leo hakuna, Mzee.”

“Hakuna kwa nini?”

“Hakuna tu.”

Hakuna tu! Abel, angesema jino tu wangemcheka, wangekwenda kunywa chai kwenye mahema yao. Mzee Gert akawageukia wenzake waliokuwa nyuma na vikombe vyao mkononi, kwa maana wengine huja na vikombe vyao kabisa ili wajazwe vizuri. Akasema, tena kwa utaratibu, kama anayetangaza msiba, “Jamani. Benki haina hela ya kahawa.”

Nilidhani watacheka. Hawakucheka. Mwanamke mmoja akauliza, “Na zangu za mazishi ziko humo humo?” Basi. Wote wakaingia kwa mpigo mmoja, na safari hii hakuna aliyeingia kuweka.

Bwana Truter akatoka bila koti, anatabasamu huku jasho linamtoka. Akawaambia wakae watulie, kahawa inakuja sasa hivi, akamtuma mtu mbio dukani kwa Hobson. Hobson alikuwa ameshasikia. Mtu yule akarudi mikono mitupu, na watu wakambana palepale aseme alichoambiwa. Akasema: kahawa ipo, lakini Hobson hataki noti za benki yetu, anataka fedha ya chuma.

Hapo ndipo palipopasuka. Watu walipanda dirishani. Bibi mmoja alivua kofia yake ya kanisani akaikinga kwenye kaunta kama anayekinga maji ya mvua. Mchungaji wao akaja, akapanda juu ya gari, akanyanyua mikono aanze kuomba watu watulie, na mtu akamwuliza kutoka chini, “Mchungaji, na wewe zako umetoa lini?” Mchungaji akashusha mikono. Alitoa Alhamisi, Abel! Mtoto wa jikoni kwake ndiye aliyesema. Saa sita mchana mlango ukafungwa, na tangu hapo haujafunguliwa.

Akiba yangu ya nauli ya kuja huko imo humo. Sisemi kitu. Nimeshalia, nimemaliza.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na hapa naomba usome polepole.

Unaikumbuka ile hisa ya Baba? Alipomtengenezea mwenyekiti wa benki, Bwana Lombard, lile gari kubwa la farasi, la kijani, Lombard hakumlipa fedha, alimpa hisa. Mama aliuliza hisa inaliwa na nini. Lakini Baba alifurahi kupita kiasi. Kila mwaka mwezi wa Februari wanaitana mahakamani, wenye hisa wote, na karani anasoma majina yao kwa sauti. Wenzake wanakaa kwenye viti, yeye anasimama nyuma karibu na mlango na kofia mkononi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae. Halafu linasomwa: “Salomo Februarie, fundi magari.” Baba hajui kusoma. Nadhani ndiyo siku pekee kwa mwaka anayosikia jina lake likitoka kwenye karatasi. Alikuwa anarudi nyumbani anatembea kama amepewa farasi.

Mwaka juzi Bwana Gershon alitaka kuinunua, tena kwa bei nzuri, fedha taslimu. Mama alimsihi. Baba alisema, “Nikiuza, Februari nitakwenda kufanya nini kule?” Akakataa. Kosa lenyewe ndilo hilo. Hakuwa na tamaa ya pesa, alitaka kusikia jina lake likisomwa.

Na hiki hakuna aliyetuambia wakati ule: benki hii ikianguka, mwenye hisa hapotezi hisa yake tu. Anadaiwa. Madeni yote ya benki wanagawiwa wenye hisa, na anayeshindwa kulipa fungu lake, fungu lake wanabebeshwa waliobaki, na wakishindwa hao wanabebeshwa waliobaki tena, mpaka abaki wa mwisho na shati lake. Nimelisoma mwenyewe kwenye gazeti, mara tatu, nikidhani sielewi. Nilielewa vizuri tu mara ya kwanza.

Wafilisi wanakuja Jumatatu. Keshokutwa. Watapita nyumba kwa nyumba kuandika mali. Kwetu wataandika nyumba, karakana, kiwanda cha kuhunzia, mbao zote za Baba alizozikausha miaka mitano, hata lile shoka lako.

Wakubwa wameshajisalimisha. Lombard shamba lake sasa ni la mkewe, tena eti tangu Pasaka. Wengine wameandikisha watoto, hata watoto wachanga. Juzi nimemwambia Mama kwamba huko Mtaa wa Juu kuna kichanga ana nyumba mbili na bado hajaota meno. Hakucheka.

Basi Jumatano akaja Bwana Steyn, yule wakili mwenye ofisi nyuma ya mahakama. Hajawahi kuingia nyumbani kwetu, siku hiyo alipitia mlango wa jikoni na kukaa kwenye kiti cha Baba. Ana karatasi. Karatasi inasema Baba alikuuzia wewe nyumba na karakana mwaka jana mwezi wa Julai. Tarehe ameshaijaza, zimebaki alama ya Baba na sahihi yako. Anayemlipa Steyn ni mjomba wetu Frans, kwa kuombwa na Mama, na Baba hakuambiwa mpaka jamaa yuko mezani.

Baba akauliza, “Nilimuuzia Julai?”

Steyn akasema, “Ndiyo, fundi. Umesahau.”

“Sijasahau. Julai nilikuwa natengeneza gurudumu la mchungaji wa misheni.”

“Basi ulifanya yote mawili.”

Mama akaingilia, “Salomo, weka alama yako.”

“Mimi jina langu lilisomwa mbele ya watu, Dina. Mwaka baada ya mwaka. Sasa nitoke kwa mlango wa nyuma?”

“Jina! Utaliezeka juu ya kichwa changu mvua ikinyesha? Wao walikukalisha? Hata kiti walikunyima! Leo kulipa ndiyo wanakukumbuka kuwa ni mwenzao?”

Sijawahi kumsikia Mama akimpandishia Baba sauti namna ile mbele ya mgeni. Baba alifuta mikono kwenye suruali. Halafu akachukua kalamu. Mkono ule unaokunja chuma, Abel, uliichovya mpaka chini, wino ukadondoka mezani. Akaweka alama yake ya msalaba. Akasema, “Hii ni kwa ajili yako, Dina. Lakini karakana nilikuwa namjengea Abel. Abel akikubali, sawa. Abel akikataa, karatasi hii ichomeni. Mimi sitaulizwa tena.” Akatoka akaenda kupiga nyundo, na hakuna kazi ya kupiga. Anapiga tu.

Sasa sikiliza. Kama ingeishia hapo ningekwambia saini, kaka, saini haraka. Nilikuwa upande wa Mama kabisa. Lombard na mkewe na wale vichanga wa Mtaa wa Juu waende zao.

Lakini Alhamisi amekuja Bibi Malherbe.

Jirani yetu, mjane, yule anayekuchukia. Mwenye kuoka mikate. Aliyewahi kutuitia polisi kwa ajili ya nyundo ya Baba, na ambaye hata siku moja hajatuitikia salamu ipasavyo. Sina deni la wema kwake hata punje, nataka ujue hivyo. Marehemu mumewe alimwachia hisa moja kama ya Baba. Alisimama kwenye ua, upande wake wa ukuta, akaita, “Fundi! Wewe bado upo?”

Baba akatoka na aproni. “Bado nipo, Bibi.”

“Hujaandikisha watoto?”

Nikamtazama Baba. Karatasi iko ndani, juu ya kabati, nyuma ya sahani. Baba akasema, “Mwanangu yuko mbali.”

“Mimi sina hata wa mbali,” akasema Bibi Malherbe. “Nimehesabu mji mzima. Wote wamekuwa maskini ghafla. Waliobaki na kitu kwa majina yao ni wewe na mimi. Tukibeba wawili nitauza nyumba, nitabaki na tanuri, nitapanga chumba. Nikibeba peke yangu wanachukua mpaka tanuri.” Halafu akacheka, kicheko kikavu, akasema, “Nani angeniambia nitafurahi kusikia nyundo yako asubuhi. Leo nilisikia, nikasema, aha, bado yupo.” Alipofika mlangoni kwake akageuka: “Ila usianze kabla ya saa kumi na mbili, watu wamelala!”

Baba aliingia ndani, akaitazama ile kabati, akatoka tena.

Nilimwambia Mama. Mama alikuwa anakanda unga, hakuinua kichwa. Akasema, “Namwonea huruma. Nitamwonea huruma nikiwa chini ya paa langu.” Na hakukosea, Abel. Hilo ndilo linanitia wazimu. Nikimsikiliza Mama, ana haki. Nikimsikiliza yule bibi mkorofi upande wa pili wa ukuta, ana haki. Natembea kutoka jikoni mpaka uani, uani mpaka jikoni, Mama ananiambia nitachimba mfereji.

Utasema, si uniandikie niamue? Ndiyo nakuandikia. Lakini gari la posta linaondoka jioni hii, kisha mpaka stesheni, kisha treni, na barua itakufikia Jumatano au Alhamisi. Wafilisi Jumatatu. Simu ya waya nimeifikiria, lakini Fourie wa posta anasoma kila neno linalopita mkononi mwake, na kabla hujajibu mji mzima utajua kilicho nyuma ya sahani zetu, na Baba atafungwa, si kufilisiwa tu.

Steyn alilijua hilo tangu mwanzo. Jumatano alipokuwa anaondoka alinikuta mlangoni. Akaniuliza, “Wewe ndiye uliyejifunza kuandika kwa magazeti ya kufungia manyoya?”

Nikasema ndimi.

“Kaka yako anaandikaje jina lake?”

Nikashika komeo la mlango.

“Hapa hakuna aliyewahi kuiona sahihi yake isipokuwa wewe,” akasema. “Posta ni ya polepole, binti. Mimi sijasema kitu.” Akavaa kofia yake, akaenda.

Na Mama jana aliniambia usoni kabisa: “Wewe unamjua ndugu yako kuliko mtu yeyote. Andika ambalo yeye angeandika.”

Umeona nilipo? Siyo niamue mimi. Ningeamua mimi, ningekosea kwa jina langu na yangeisha. Wanataka niamue kama wewe. Na tangu jana nakutafuta kichwani. Namwona Abel aliyemgawia mbwa wa jirani nyama yake. Namwona pia Abel aliyesema kwenye kituo cha magari, siku ile unaondoka, kwamba ukirudi hutamfanyia kazi mtu tena, utaingia karakana ya baba yako na mlango utakuwa wako. Wote wawili ni wewe. Yupi anashika kalamu?

Nimejaribu sahihi yako pembeni ya gazeti. Imetoka safi kabisa, hata ile herufi ya kwanza unayoipinda kama ndoano. Nimeogopa, nimeitupa jikoni motoni.

Mjomba Dawid na mkewe Lena huko Kimberley uwape salamu nyingi, na yule mtoto wao umbusu, mwambie dada yake wa Wilgerspoort anamfumia kofia isiyo na manyoya. Mama Mdogo Griet anakusalimu, jino limeng'olewa, mji mzima unamtazama kama mchawi na yeye anafurahi. Baba hakusema nikusalimu, lakini alisimama nyuma yangu kitambo akiangalia mkono wangu ukiandika, na hiyo ichukue kuwa salamu. Mama anakuombea kwa Mungu kila asubuhi, akulinde na mashimo, na moshi, na marafiki wabaya. Nami nasema amina.

Nasikia pembe ya gari la posta, lazima nifunge. Karatasi bado iko nyuma ya sahani na wino ninao. Utakaposoma maneno haya, jina lako litakuwa limeshaandikwa au limeshakuwa majivu, na Bibi Malherbe atakuwa na tanuri au hana, na Mama atakuwa na paa au hana, na hakuna kati ya hayo utakaloweza kulirudisha. Lakini nijibu hata hivyo, maana nitahitaji kujua kama nilikujua. Kalamu iko mkononi, kaka, Jumatatu inakuja, Mama anakanda unga na Baba anapiga nyundo isiyo na kazi: wewe ungefanya nini?

Ni mimi akupendaye, hata ukinikasirikia,
dada yako,
Rosina Februarie